Kwa Mke Wangu Kabula, Uliyezikwa Bila Kuchekwa

Mke wangu Kabula,

Shikamoo.

Barua hii itasomwa na watu wasiotujua, kwa hiyo niwatoe wasiwasi mapema: wewe ni bibi yangu, mama mzazi wa baba yangu, na kwetu Usukumani mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Ni utani, lakini ni utani wenye kazi. Tangu sijajua kufunga kamba za viatu ulikuwa unaniita mume wangu mbele za watu, unanidai kitenge, unanitishia kwamba nisipomaliza ugali utaolewa na Mkerewe. Nikikuamkia uliitika, "Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini?" Nikionyesha mikono mitupu uliwageukia majirani: "Mnaona? Nimeolewa na upepo."

Nimejaribu kukuandikia tangu tulipokuzika. Kila nikianza, mkono unaandika "Yah:" halafu unapigia mstari chini, kama ulivyozoeshwa ofisini. Yah: Kuomba radhi. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Nimezichana zote. Wewe hukuwahi kuwa kichwa cha habari hapo juu. Ulikuwa habari yenyewe, na ulipita kati ya magari ukiwa na beseni kichwani.

Ukumbi wako ulikuwa foleni ya kivuko pale Kigongo. Kabla ya daraja, kila aliyetaka kwenda Busisi, Sengerema au Geita alisimama pale akingoja pantoni, na muda wote aliongoja alikuwa mali yako. Wakati wa likizo nilikufuata nyuma nikiwa na kopo la chumvi na pilipili, wewe ukinadi mayai ya kuchemsha kwa sauti ambayo kanisani walikuomba mara nyingi uipunguze: "Yai halina chama! Kila mtu anamenya mwenyewe!" Hukuanza na gari la mbele hata siku moja, hata lingekuwa la nani. Ulikwenda kwanza kwa dereva wa lori. Ulisema dereva wa lori akicheka, foleni nzima inajua kwamba kucheka kumeruhusiwa. Ukifika kwenye gari la vioo vyeusi, kioo kikashushwa upana wa kidole, uligonga kwa yai: "Shusha, baba, shusha. Yai haliingii kwa mawazo."

Pembeni yako alikuwepo Mama Tabu, Mkerewe, na Wakerewe ni watani wetu Wasukuma, muuza mahindi ya kuchoma, adui yako mpenzi.

"Wewe Msukuma, hayo mayai yametoka kwa kuku au kwa fundi chokaa?"

"Yametoka kwa kuku aliyesoma. Wewe mahindi yako yana mapengo kama mdomo wa mume wako."

"Mume wangu ana mapengo tangu siku alipouma yai lako!"

Watu walishuka kwenye magari kuja kuwasikiliza. Pantoni ilipofika wapo waliokasirika kwamba imewahi.

Nyumbani uliendelea, maana redio yako nayo ilikuwa haikuachi. Kuna kijana mmoja alikuwa akiimba "beibi, beibi" bila kupumzika. Ulivumilia mpaka ukachoka, ukaitika kutoka jikoni: "Abee! Bibi nipo, sema shida yako!" Kwaya ulizipenda, ila hukupenda zilivyoanza kupanda juu ya mawe yetu kupiga video, sare mpya, mikono juu, mikono chini. "Musa alipanda mlimani akashuka na amri," ulisema. "Hawa wanapanda wanashuka na picha." Na siku niliyokupeleka mjini ukaona ngoma imepangwa kando ya barabara kumsubiri mgeni wa serikali, na mcheza ngoma amebeba chatu shingoni, ulisimama ukamtazama yule nyoka kwa huruma ya kweli. "Masikini, naye amekuwa mtumishi wa umma. Anaitwa, anabebwa, anaonyeshwa, anarudishwa kwenye kapu. Posho anakula mwenye kapu." Kisha ukanigeukia, mimi niliyekuwa nimepata kazi mwezi ule ule. "Mume wangu, na wewe uangalie kapu lako."

Nilicheka siku hiyo. Sikujua unaniambia jambo.

Habari ya sangara ndiyo ilikuwa hotuba yako kubwa. Tulikuwa tunakula mapanki, yale mabaki yanayotoka viwandani baada ya minofu kukatwa, kichwa na mkia na mfupa katikati. Ulimwinua samaki wako kwa mkia. "Nyama yake imepanda ndege, imekwenda kwa watu wasiojua hata ziwa liko upande gani. Sisi tumebaki na macho. Tazama anavyonitazama. Ananiuliza, bibi, nyama yangu umempa nani? Nami nimwambie nini? Sikuwepo kwenye kikao."

Na hukuishia jikoni. Ulisimama kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya Mheshimiwa, ukauliza bomba la maji limefikia wapi. Mheshimiwa akajibu kwamba mchakato unaendelea. Ukamshukuru, ukakaa, ukasimama tena. "Mheshimiwa, huyu Mchakato ni mtoto wa nani? Kila mwaka anaendelea, hafiki. Mwambieni apite kwangu anywe uji, huenda njaa ndiyo inamchelewesha." Mkutano ulivunjika mbavu. Mheshimiwa alicheka kwa meno peke yake. Akasema serikali inawathamini wadau wote kama mama huyu. Ukamjibu ukiwa umekaa, lakini watu walisikia: "Wadau ni nyinyi, baba. Sisi ni wadaiwa."

Nilikuwa nimesimama nyuma siku hiyo, nikiomba ardhi ipasuke. Wewe ulirudi nyumbani ukiimba.

Sasa niwaambie wasomaji mimi ni nani, maana hapo ndipo hatia yangu inapoanzia. Mimi ni karani katika ofisi moja ya mjini, si mbali na Mirongo, na nimepanga chumba Butimba. Kazi yangu kubwa ni kuandaa ratiba za shughuli. Uzinduzi, mapokezi, makabidhiano. Najua nani anakaa mstari wa mbele, nani anatajwa kabla ya nani, na maji ya chupa yanawekwa mbele ya nani. Ulimi wako, kama wa wengi wetu, ulichanganya l na r, na uliwaambia watu kwa fahari, "Mjukuu wangu anashika karamu." Mimi niliyesoma nikakurekebisha: "Kalamu, bibi." Ulinitazama kwa upole. "Haya, shika hiyo yako. Ila usije ukashika kalamu maisha yako yote ukiandika karamu za wenzako."

Ndicho ninachofanya, mke wangu. Kila siku.

Tena ni mwoga. Siwezi kukuambia ni nani aliyenitisha, maana hakuna aliyewahi kunifokea. Ofisini kwetu hawafoki. Tulikuwa na tarishi mcheshi, kijana wa Igoma, aliyeandika kwenye kundi la simu la ofisi kwamba mgeni rasmi amechelewa mpaka keki imeota ndevu. Aliitwa ndani, mlango ukafungwa, akatoka. Hakufukuzwa, wala mshahara haukukatwa. Ila tangu siku hiyo anatuma picha za maua tu. Asubuhi maua, jioni maua. Mimi nikiyaona yale maua nafuta nilichokuwa nimeanza kuandika. Bado niko kwenye matazamio. Barua ya kunithibitisha kazini itatoka au haitatoka kwa neno la Mkuu wetu, na nyumbani wote wanajua ninaingoja.

Daraja lilipofunguliwa ulilisifu. Ulisema wagonjwa hawatafia tena kwenye foleni, na mwenye kulipinga hana mgonjwa. Kisha ukakaa mlangoni kwako ukayatazama magari yanapita juu kwa mbali. "Wanapita kama malaika," ukasema. "Na malaika hawali mayai." Hukulalamika zaidi ya hapo. Lakini beseni uliliosha, ukaliegemeza ukutani, na nadhani mwili wako ulielewa kwamba kazi imekwisha, maana hukukaa sana kabla ya kuanza kulala mchana.

Nilipokuja kukuona ulikuwa umekwisha kukonda, macho tu ndiyo yalikuwa yamebaki na ukubwa wake wa zamani. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mume wangu. Umekuja kuangalia kama nimeiva?" Ukanikalisha kitandani, ukanikumbusha mazishi ya Babu.

Nilikuwa mdogo lakini nayakumbuka vizuri. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo siku ile ilikuwa kazi ya dada Pendo, binti mkubwa wa Shangazi Minza. Alivaa koti la Babu. Katikati ya mahubiri akaanza kusinzia kama yeye, kichwa kikidondoka. Wabebaji walipoinua jeneza, Pendo alijilaza njiani mbele yao akakoroma, kwa sababu Babu hakuwahi kumaliza ibada akiwa macho. "Babu, amka tupite!" wabebaji wakamsihi. "Sijasikia amina!" akajibu, akageukia upande wa pili. Hapo ndipo watani wote wakalipuka, Mama Tabu akidai kwamba marehemu aliondoka na hindi lake moja hajalilipia, na wewe, ambaye ulikuwa hujatia kitu mdomoni tangu siku aliyofariki, ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukalia. Ukacheka tena. Kisha ukaomba uji.

"Unajua kwa nini tunafanya vile?" ukaniuliza pale kitandani. "Kilio kinatoa pumzi, mume wangu. Hakirudishi. Kinachorudisha ni kicheko, ndiyo maana Mungu aliumba wajukuu." Ukanikumbusha na sheria yenyewe: mjukuu ndiye anayefungua. Watani wengine wote, hata wenye ndimi kali kama Mama Tabu, hukaa wakimngoja. Yeye akikaa kimya, mwingine hawezi kutangulia, maana bila mlango wa mjukuu utani unageuka tusi.

"Siku yangu usinilie kama karani," ukasema. "Vaa khanga yangu, weka beseni kichwani, uninadi. Waambie nilivyokuwa mchoyo. Waambie nilivyoimba. Ukininyamazia, watu watasema Kabula aliolewa na bubu."

Niliahidi. Nilikushika mkono nikaahidi.

Shangazi Minza alinipigia nikiwa ofisini. Hakusema umekufa, alisema, "Mkeo amekuacha." Nilikata simu nikakaa. Sikulia, niliomba ruhusa ya msiba tu. Mikono ilitaka kazi inayoijua. Nikafungua kompyuta, nikachukua ratiba ya shughuli ya wiki iliyopita, palipoandikwa "Uzinduzi wa" nikafuta nikaandika "Mazishi ya". Nilibadili majina, nikapanga sala, nikapanga chakula. Mstari mmoja sikuubadili: "Kuwasili kwa mgeni rasmi." Sikuuona. Aliyeuona ni Mkuu, aliyekuja kunipa pole akasimama nyuma ya kiti changu. "Umefikiria vizuri," akasema. "Nitamwomba Mheshimiwa aje. Ni heshima kwa familia."

Ningesema hapana. Ilikuwa rahisi: "Mkuu, hilo ni kosa la kunakili, kwetu mazishi hayana mgeni rasmi." Nikasema, "Asante, Mkuu."

Kwa hiyo ulingoja, mke wangu. Wewe uliyekuwa ukisema kwamba mgeni wa kawaida akichelewa anakuta sufuria tupu, lakini mgeni rasmi akichelewa sufuria ndiyo inamngoja. Nyimbo zilikwisha, zikaimbwa upya. Turubai lilipepea. Jeneza lako liliwekwa juani kidogo, Shangazi Minza akaomba lisogezwe kivulini, likasogezwa, jua nalo likasogea. Mama Tabu alikuwa amekaa mbele na hindi bichi mkononi, amelileta kwa ajili ya kukujibu. Aliinama akaninong'oneza, "Sufuria inangoja." Nilijifanya sikusikia. Chini ya kiti changu kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko khanga yako na beseni lako.

Mheshimiwa alifika, tukasimama, tukakaa. Mshereheshaji akanipa kipaza sauti. Nilikuwa nimepanga kwamba nikipokea tu, nitainama nichukue beseni. Nikainua macho. Mkuu alikuwa ananitazama kwa upole kabisa, kalamu mfukoni, na pembeni yake Mheshimiwa, yule yule wa mchakato, amekunja mikono juu ya tumbo. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa."

Ndivyo nilivyofungua mazishi yako.

Nikasoma wasifu. "Marehemu alikuwa mjasiriamali mdogo katika sekta ya lishe." Nilikuwa nimeiandika mwenyewe sentensi hiyo, nikaipenda. Nilipofika mwisho nikamwona Mama Tabu ameinuka nusu, anangoja, nyusi juu, kama mtu anayesubiri mwenzake arushe mpira. Niliangalia karatasi. Nikakaa. Naye akakaa taratibu, akalirudisha hindi lake kwenye mkoba.

Mheshimiwa alizungumza baadaye. Alisema taifa limempoteza mdau mkubwa wa maendeleo. Wamekufanya mdau, Kabula. Umekuwa mdau ukiwa huwezi kujibu. Hakuna aliyecheka. Ulishushwa kimya, udongo ukarudishwa kimya, watu wakala wali kimya, wakiulizana bei ya mchele.

Jioni Mama Tabu alinikuta nakunja viti. Sikuwa na ujasiri wa kumwangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kijana, umemzika mwenzangu kama jiwe la msingi. Ilibaki kukata utepe tu."

Akaondoka. Katika maisha yangu yote hajawahi kuniita kijana. Alikuwa akiniita shemeji.

Tangu siku hiyo Shangazi Minza hajakaa sawa. Anapika, anafagia, anajibu salamu, lakini chakula anakionja tu na kusukuma sahani. Usiku mmoja aliniambia, bila kunilaumu, jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: "Mama amekwenda na neno mdomoni." Afadhali angenitukana. Kwa sababu si wewe uliyehitaji kile kicheko, sasa nimeelewa. Wewe ulishapumzika. Ni yeye aliyekuwa akingoja pumzi irudi, na mlango wake nilikuwa nimeukalia mimi, nimevaa tai.

Na bado sijakuambia lililo baya zaidi. Jumatatu yake Mkuu aliniita. Akasema, "Umejiheshimu sana kwenye msiba. Kuna watu nilidhani wangeleta mambo ya kienyeji mbele ya Mheshimiwa. Wewe una staha. Barua yako iko njiani." Nikamshukuru kwa mikono miwili. Nilipofika mezani kwangu nilifurahi, mke wangu. Nisikudanganye. Nilifurahi kwa muda mfupi, kisha nikaona ni furaha ya nini. Chatu alikuwa amerudishwa kwenye kapu, na mara hii alipewa posho yake mwenyewe.

Jumamosi hii tunaondoa matanga. Ndiyo nafasi ya mwisho. Baada ya hapo msiba umefungwa, na anayechelewesha utani mpaka msiba umefungwa anakuwa mlevi tu aliyevaa nguo za marehemu. Mkuu amekwisha kuniagiza. "Andaa ratiba kama ile ya kwanza. Mheshimiwa aliisifu. Atakuja tena, ana maneno machache kwa wananchi." Unajua msimu huu wa uchaguzi maneno machache ya waheshimiwa yana urefu gani.

Najijua. Nikiachiwa na moyo wangu mwenyewe, Jumamosi nitasema itifaki imezingatiwa. Ndiyo maana barua hii nimeiandika wazi. Ya siri ningeichana kama zile nyingine. Hii Mama Tabu atasomewa, Shangazi atasomewa, na Mkuu, kama unasoma, shikamoo Mkuu, naomba usikae mstari wa mbele. Nitapita pale na beseni, na sina uzoefu wa kulibeba.

Nimeanza na mazoezi. Nisikilize, uniambie kama yanafaa.

Haya, nunueni Kabula! Kabula wa kuchemshwa, hana chama, kila mtu anamenya mwenyewe! Huyu ndiye mke wangu aliyekuwa akigeuza yai lenye ufa liangalie chini, ukimuuliza anasema limelala. Mchoyo! Chumvi alikupimia kwa kucha ya kidole kidogo, tena ile aliyoikata jana. Kanisani alikuwa anaimba sauti ya nne, na kwaya ina sauti tatu. Akikosea analaumu kinanda. Alisema Wakerewe wote wezi wa mahindi, lakini kila jioni alikuwa anakula la Mama Tabu bure, nyuma ya kibanda, amejifunika khanga asionekane. Mheshimiwa, mke wangu alikuachia ujumbe. Ameniambia amefika huko, amemtafuta Mchakato mahali pote, kwa waliotangulia na kwa wanaokuja, hayupo. Sasa anauliza: mlimwacha wapi?

Hilo la mwisho nimelifuta mara kadhaa. Mara kadhaa nimelirudisha. Lipo.

Leo baada ya kazi nimeandika ratiba. Mstari wa kwanza hausemi kuwasili kwa mgeni rasmi. Unasema: "Mume wa marehemu kuingia na beseni." Nikamtumia Mkuu kabla mkono haujabadili mawazo. Alijibu: "Beseni la nini?"

Nikaandika, "La mayai, Mkuu."

Zile alama mbili kwenye simu zimegeuka bluu, maana yake amesoma. Hajajibu mpaka sasa. Mimi ni mtaalamu wa kimya, nimeishi ndani yake, lakini kimya hiki sikisomi. Huenda Jumatatu nitaanza kutuma maua. Sitakuambia kwamba nimekuwa jasiri, maana utacheka kabla ya wakati.

Mayai nimeyanunua. Nilipoyaweka mezani nikagundua sijui kuyachemsha. Ulikuwa ukinifukuza jikoni, ukisema mume anayefunua masufuria anatafuta talaka. Nikampigia Shangazi Minza. Akauliza mayai ya nini. Nikamwambia.

Sikusikia kicheko. Nilisikia pumzi, ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo kichwani.

"Tia chumvi kwenye maji, yasipasuke," akasema. "Na usianze na Mheshimiwa. Mama hakuwahi kuanza na gari la mbele."

"Nianze na nani, shangazi?"

"Wewe hukuwepo? Anza na dereva wa lori."

Nitaanza na Mama Tabu, ndiye dereva wangu wa lori. Nimemtumia ujumbe aje na hindi lake. Wewe kaa tayari huko ulipo, mke wangu, na kama nitasimama pale sauti ikanikauka, nigongee kioo kwa yai, kama ulivyozoea, mpaka nishushe.

Mumeo mdogo,
aliyechelewa kama mgeni rasmi.